Apolonia Ngassa, Sauti ya Kwanza ya Kinu Sistaz

Tumsifu Yesu Kristo. Wazee wetu, majirani, na nyote mlioacha shughuli zenu kuja kutusitiri, mnaombwa mtulie tusikie maisha ya ndugu yetu.

Apolonia, mtoto wa kwanza wa Mzee Ngassa, alizaliwa Kharumwa, Wilaya ya Geita, tarehe 3 Machi 1947, akasoma huko huko kuanzia mwaka 1955 hadi alipomaliza darasa la nane mwaka 1962, na walimu wake walimkumbuka kwa kwaya kuliko kwa hesabu.

Mwaka 1966 aliajiriwa kwenye kinu cha kuchambua pamba mjini Shinyanga, akamvuta mdogo wake Paskalina, na hapo wakakutana na Mwahija Salehe, binti wa mfanyabiashara wa Nyasubi, wakawa wanaimba watatu kazini, na kwa kuwa mashine zilinguruma hata mtu asijisikie, walijifunza kupatanisha sauti kwa kutazamana midomo. Mwaka 1970 bendi ya kinu iliwachukua, wakajiita Kinu Sistaz, wakaimba fanki juu ya viatu vya raizoni vyenye soli nene, ila mazoea yana taabu, hata jukwaani walitazamana wao kwa wao, na wachimbaji wa Geita waliolipa kiingilio wakalalamika kwamba wanaonyeshwa mabega, mpaka Apolonia alipofungua kinywa, wakaacha maneno wakacheza.

Tarehe 12 Juni 1971 alifunga ndoa na Ndugu Onesmo Bujiku, fundi mitambo, wakajaliwa watoto wawili, Marselino na Sikujua.

Mwezi Mei 1976 redio iliwaita Dar es Salaam kurekodi nyimbo nne, tiketi tatu za treni zikaja, jambo ambalo Apolonia alilingoja miaka sita, lakini mume wa Paskalina akamkataza mkewe kusafiri, akisema yeye hakuoa redio, na viongozi wa bendi walipomshauri Apolonia aende na Mwahija tu, alijibu kwamba chungu hakikai kwenye mafiga mawili, akarudisha tiketi. Redio haikuwaita tena, kundi likavunjika mwaka 1979, na leo hakuna sahani wala kanda yenye sauti ya Apolonia. Mume huyo wa Paskalina ni Maganga, ndiye huyu anayewasomea.

Apolonia hakumnunia hata siku moja, kila Maganga alipofika kwake alichinjiwa kuku na kuitwa shemeji kwa furaha, na hilo lilimuuma kuliko matusi. Kifua kilianza kumsumbua Apolonia Februari 1986, akalazwa mara tatu hospitali ya mkoa, na wiki moja kabla ya kufariki aliagiza historia hii aisome Maganga, kwa kuwa wengine, kwa kumwonea haya shemeji yao, wangeuruka mwaka 1976. Alifariki Ijumaa tarehe 14 Agosti 1987, saa nne asubuhi, Paskalina akiwa amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani waliochota maji na kupasua kuni tangu juzi, na wafanyakazi wenzake wa kinu waliotengeneza jeneza kwa mikono yao.

Ni desturi msomaji kuwaomba waliokosewa na marehemu wamsamehe. Familia imemtafuta aliyekosewa na Apolonia, haikumpata, ila imempata aliyemkosea yeye, amesimama hapa na karatasi mkononi, naye anaomba msamaha mbele yenu nyote, kwa Paskalina, kwa Mwahija, na kwa huyu asiyeweza tena kumjibu.

Pumzika kwa amani, shemeji.