Nyimbo za Machungani Zilizomrudishia Baba Maneno

Wazee wangu, shikamooni. Wenzangu tunaouguza, poleni. Najua kuna waliomwacha mgonjwa kwa jirani ili wafike hapa Bomani.

Mimi nilikuwa soprano, mwimbaji wa sauti ya juu. Niliimba Kilatini na Kiitaliano kwenye kumbi za Dar es Salaam na Nairobi, bila kipaza sauti. Nikarudi Tarime kufundisha kwaya, na nakiri mbele yenu, nilirudi na majivuno. Akina mama wakiimba kwa ile sauti nzito ya kifuani, nawakatiza. "Hiyo ni ya kuitia ng'ombe," nawaambia.

Kisha koo likaanza kukwaruza. Daktari akaniambia ninyamaze wiki sita. Mimi nikaimba Pasaka. Ndugu zangu, nawaambia, katikati ya wimbo sauti ya juu ilikatika, na haijarudi mpaka leo. Miezi mingi nilijifungia ndani. Nikisikia kwaya redioni, nazima.

Nikiwa katika hali hiyo, baba akapigwa na kiharusi huko kijijini kwetu, Susuni. Upande wa kulia ukalala, maneno yakaisha. Anakuelewa, anakutazama, lakini kinywa kinatoa "a, a" tu. Mzee aliyekuwa akinyamazisha kikao kizima, analia kwa sababu hawezi kuomba maji.

Chuoni nilikosomea muziki nilifundishwa kwamba aliyepotewa na maneno wakati mwingine huyapata kwa kuimba. Nikamwimbia nyimbo za kanisani, wiki mbili. Hakuna kitu. Baba alianza kusali uzeeni, nyimbo zile alizikuta tu. Asubuhi moja shangazi yangu akaingia anatoka kukamua, amekasirika.

"Wewe unamwimbia tata yako, baba aliyekuzaa, nyimbo zako. Mwimbie zake."

Zake zilikuwa za kumsifia ng'ombe dume wake wa ujanani, alizoimba machungani. Zinaimbwa chini, kifuani. Nikamshika mkono ulio mzima, nikawa nagonga mapigo kiganjani, nikaanza kwa sauti hii mbovu mnayoisikia. Nilipofika mahali pa kutaja jina la dume, nikanyamaza.

Baba akaliimba. Jina zima. Nikarudia, naye akarudia, wote tunalia, shangazi amesimama na kibuyu cha maziwa.

Baadaye tukaingiza "maji" kwenye wimbo uleule, kisha "njaa", kisha "inauma". Msidhani ni muujiza wa siku moja, ilichukua karibu mwaka. Ndipo nikaenda kusomea tiba ya muziki, na sasa nawafuata wagonjwa hadi Morotonga, wilaya ya jirani.

Namshukuru shangazi. Nawashukuru akina mama wa kwaya, walionisamehe na kunifundisha nyimbo nilizozidharau. Nanyi mkirudi nyumbani, msimchagulie mgonjwa wimbo unaowapendeza ninyi. Muulizeni mtu aliyekua pamoja na mgonjwa, ujanani waliimba nini, hata kama ni wimbo wa pombe.

Baba alifariki mwaka jana. Asubuhi ya siku hiyo aliniita kwa jina langu, akalisema tu bila kuimba, akaniuliza kama nimekunywa chai.