Mama Chenji Anaacha Kaunta ya Pili

Ijumaa hii, tarehe thelathini, Mama Chenji anavua aproni yake baada ya miaka ishirini na sita ya kazi katika duka letu. Keshia wa kaunta ya tatu, yaani mimi, ndiye aliyetwishwa mzigo wa kuandika haya, na tangu wiki ianze hatulii.

Mama Chenji alianza kwa kupanga sabuni kwenye rafu. Keshia mmoja alipoacha kazi ghafla, akaambiwa ashikilie kiti cha kaunta ya pili mpaka apatikane mtu. Bado tunamtafuta huyo mtu.

Jina la utani alilipata kwa ubishi. Maduka mengi yakikosa sarafu ndogo humpa mteja pipi, naye huondoka kimya. Kwa Mama Chenji, thubutu! Wakati watoto wake wangali wadogo, aliwahi kupungukiwa sarafu moja mbele ya foleni, akaurudisha mkate wao rafuni huku watu wakimtazama. Ilimuuma sana, na hajasahau. Ndiyo maana kila asubuhi hupita na noti za duka kwa fundi viatu, muuza magazeti na dada wa choo cha kulipia, akabadilishana nao kwa sarafu. Hurudi na mfuko mzito, bega limelala upande.

Mara moja tu aliugua wiki nzima, nasi tukagawa pipi. Siku aliporudi, bibi mmoja muuza mboga alikuja kununua unga, akamwaga kauntani pipi zote alizopewa, akataka zipokelewe kama malipo, kwa bei ileile aliyohesabiwa. Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Mama Chenji hakucheka. Alizipanga kwenye droo, mahali pa sarafu, akamkabidhi bibi unga na risiti. Jioni meneja akafungua ile droo. Jamani! Alifoka, akapoa, kisha akapiga marufuku chenji ya pipi.

Sasa mbona situlii? Juzi nimeona katoni ya pipi stoo. Meneja anasema ni za kuuza. Haya, tumwamini. Lakini anayehamia kaunta ya pili ni mimi, na fundi viatu ameshaniambia bila kupepesa macho kwamba sarafu zake humpa Mama Chenji, si duka. Yule bibi wa unga naye ameuliza nani atakaa pale, nikajibu ni mimi, akanikagua kuanzia juu mpaka chini.

Dada yetu mkubwa, asante kwa kutufundisha kazi na kwa kutugombeza. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha na wajukuu wasiokuchosha. Jumatatu alfajiri nitakuwa kwa fundi viatu, noti mkononi, nikibembeleza. Na siku utakapokuja kununua mkate nikakupa pipi, zimwage hapohapo kauntani, foleni nzima ikiniangalia.