Mrija Mmoja Chini ya Ziwa

Mvua ilikuwa imefunika madirisha ya teksi iliyotoka Muhima, na migomba ikapita nje ikiyumba kama majani ya ziwani. Liliane alijifanya amelala kando ya mama yake, Mama Béatha. Kwenye kiti cha mbele yao, Audace, mzamiaji, alikuwa akimwomba mama amruhusu Viateur, kitindamimba wake, aende naye Bujumbura kukamata samaki wa mapambo chini ya Ziwa Tanganyika.

"Na hewa ikiisha kule chini?"

"Mwenzako anakupa mrija wa mtungi wake, mama. Unavuta mara mbili, unamrudishia. Mnapanda hivyo hivyo, polepole, kama watu wanaopokezana mrija mmoja kwenye kibuyu cha urwagwa, pombe ya ndizi."

"Na kama mwenzako yuko mbali?"

"Unapanda peke yako ukipuliza hewa nje. Usibane pumzi. Hewa ya kifuani inavimba kadiri unavyopanda, ukiibana itakupasua."

Teksi ilipoanza kupanda kilima cha Gatsata, Liliane naye akapuliza taratibu, akajiona akielea juu ya mabati ya nyumba, yeye asiyejua hata kuogelea.

"Kwetu anayeng'ang'ania mrija wa pombe, wenzake wanamkoholea auachie," mama alisema. "Kule chini nani atamkoholea?"

Audace alitazama viganja vyake. "Nitashuka naye mimi mwenyewe, mama."

Teksi ikasimama. Audace akaaga kwa mikono miwili, akateremka. Mama Béatha akafuta kioo kwa ncha ya kitenge, akamtazama akiyeyuka mvuani.

"Kasema atashuka naye," akamwambia Liliane, ambaye bado alikuwa amefumba macho. "Hajasema atamrudishia mrija."