Stika Mpya, Mtungi wa Zamani

Jumanne, saa kumi na dakika ishirini alasiri, duka la magodoro linalotazamana na benchi la muuza kahawa lilishika moto. Mwenye duka alichomoa pini ya mtungi wa kuzimia moto, akabonyeza. Kimya. Stika ya ukaguzi ilikuwa mpya kabisa. Moto ulipozimwa kwa ndoo, tulikaa kuuchambua: Kinyozi, Hakimu, ambaye alikuwa tarishi wa mahakama akastaafu na cheo asichowahi kupewa, na mimi, mwalimu katika chekechea ya shangazi yangu, mlango wa tatu kutoka hapo. Mtaa mzima tulinunua mitungi kwa muuzaji mmoja, nusu bei.

— Wahenga hawakukosea, alianza Hakimu. Debe tupu haliachi kuvuma.

— Hili limenyamaza, mzee. Ndiyo balaa lenyewe! alisema Kinyozi.

— Usinikatize. Sheria inataka kila penye biashara pawe na mtungi. Ndani kuwe na nini, haikusema.

— Basi sheria na muuzaji wanalala kitanda kimoja. Hebu niambieni, nani amewahi kumwona muuzaji na mkaguzi pamoja? Ni mtu mmoja huyo, anabadilisha kofia tu.

— Mkaguzi ana kitambi.

— Kitambi kinavalika! Mto mmoja tu.

— Na nyinyi, alidakia muuza kahawa, mlipotajiwa nusu bei mbona hamkuuliza? Tamaa mbele, mauti nyuma.

— Wewe mimina, alijibu Hakimu.

Kinyozi aliinama, akashusha sauti.

— Moto wenyewe ameuwasha huyo huyo. Duka moja liungue, sisi wengine tukimbilie kununua mitungi mingine.

— Naam! Mvumilivu hula mbivu, aliafiki Hakimu, na hakuna aliyejua mbivu ni zipi.

Mama mmoja mgeni, aliyesimama akingoja kikombe, alitutazama mmoja mmoja.

— Samahanini, jamani. Hiyo mitungi yenu ina kitu ndani?

Kinyozi aligeuka kukitazama kibanda chake.

— Kujua ni mpaka ukate lakiri, ule muhuri unaofunga pini, alisema Hakimu hatimaye. Na ukiikata, mkaguzi anakutoza faini.

— Kwa hiyo hamjui.

Muuza kahawa alitikisa birika. Imekwisha, alisema, ingawa tuliisikia ikicheza ndani.

Jioni nilimweleza shangazi.

— Mwanangu, wa kwetu una stika, alisema bila kuniangalia. Usiniletee faini.

Asubuhi, kabla watoto hawajaanza kuingia, niliushusha mtungi ukutani, nikaupeleka uani, nikakata lakiri na kubonyeza. Ulitoa pumzi moja, kama mtu anayepoza chai. Nikabonyeza tena, kwa mikono miwili. Kisha nikaenda nao kusimama langoni. Mzazi wa kwanza alifika amemshika bintiye mkono, nami nikamwambia leo hatupokei watoto, nikamwonyesha mtungi mtupu, huku shangazi akiniita kutoka ndani.