Kijiwe Kisichozima Injini

— Inagonga ikiwa baridi, au ikishapata moto?

Niliuliza hivyo kwa sauti ya kusikika. Mjomba alipuliza kahawa yake. Mzee Gia Tano alikuna kidevu. Barafu, aliyekuwa amepiga magoti kando ya pikipiki, aliniomba nisogee kidogo kwa sababu nimemkingia mwanga. Na mimi nikasogea! Hadi leo sijui ni adabu gani ile iliyonisogeza.

Kijiwe chenyewe ni benchi moja la mbao nje ya kibanda cha Mjomba cha cherehani, pale barabara ya zahanati inapokutana na ya soko. Mbele ya benchi kuna jiko la mkaa na birika, na mbele ya birika, mchana ule, pikipiki ya dada yangu ilikuwa imesimama inanguruma. Dada ni nesi. Alikuwa amevuka barabara kwenda stoo ya zahanati kuchukua sanduku la chanjo lililojazwa barafu, alipandishe hadi kliniki ya mlimani kabla barafu haijawa maji. Kina mama na vichanga walikuwa wanamsubiri huko. Barabara ya mlimani ni nyembamba, ina kona, na malori yanashuka pale kama yamekosa mwenyewe. Ukizimikiwa na injini katikati ya kona, hakuna pa kujibanza.

Sasa, katika ukoo wetu hakuna chombo kinachoonja gereji kabla ya kusikilizwa kijiweni. Hiyo ni sheria ya Mjomba. Sheria ya pili ni kwamba injini haizimwi mpaka kikao kitoe uamuzi. Watasikilizaje kitu kilichonyamaza? Ndivyo wanavyohoji, na wanavyohoji wanajiona wamefunga mjadala. Kwa hiyo kila injini wanayoichunguza imefika pale ina moto, na inazidi kupata moto wakati wao wanabishana. Miaka yote hiyo ya kuchunguza vyombo vya watu, hakuna hata mmoja wao aliyewahi kusikia injini ikiamka.

Mimi naisikia kila alfajiri, maana inalala chini ya dirisha langu. Dada akipiga kiki inatoa mlio kama mtu anayetikisa kopo la misumari, kra-kra-kra-kra, mpaka anafika getini ndipo inafifia, ikabaki kugonga kwa mbali. Yeye hasikii, ameshavaa helmeti. Anachojua ni kwamba siku hizi inachoka kwenye mlima. Nilisoma kijitabu cha pikipiki, nikamwambia tatizo ninavyolielewa. Akanijibu, “Tutampelekea Mjomba.” Mjomba ndiye aliyemsomesha uuguzi; kwake neno la Mjomba likishatoka, limetoka. Mimi ni kitindamimba nisiyejua hata kuingiza gia.

— Haya, tabibu, Mjomba alimwambia Barafu. Tuambie.

Barafu ni fundi friji, na ndiye mwenye bisibisi ndefu. Pale kijiweni bisibisi ndiyo kipimo: ncha kwenye injini, mpini sikioni, macho yafumbwe kama mtu anayeonja mchuzi.

— Nasikia upepo, akasema.

— Upepo wa wapi?

— Wa ndani. Gesi inavuja. Friji ikivuja gesi inatetemeka hivi hivi.

— Pikipiki haina gesi, nikasema.

— Ndiyo maana. Imeshavuja yote.

Gia Tano akacheka mpaka kahawa ikampalia. Huyu alikuwa dereva wa lori, na husema hajawahi kuendesha lori lililomshinda, ingawa watu wazima wa mtaa wanajua lipo moja lililobaki mtoni.

— Wewe Barafu kila ugonjwa kwako ni gesi. Mkeo akinuna, gesi! Hii ni dereva. Samahani, mpwa wangu, lakini dada yako anaiendesha kwa huruma mno. Injini ikionewa huruma inadeka. Mimi lori langu lilianza kugonga hivi hivi, nikashuka, nikalifokea pale pale barabarani, mbele ya abiria...

— Lori la mizigo lilikuwa na abiria? nikauliza.

— Usinikate! Nikalifokea. Likanyamaza.

— Lilinyamaza au lilizimika?

Mjomba akainua kidole. Akishainua kidole, hata birika linaacha kuchemka.

— Tuheshimiane. Huyu mnamwona mdogo, lakini huko chuoni midahalo yote anashinda. Mwacheni aseme. Kisha nitasema mimi.

Nikashukuru, nikaeleza. Nikawaambia kwamba ndani ya injini, ubavuni mwa silinda, kuna cheni nyembamba inayozungusha ile shafti ya juu inayofungua na kufunga valvu, vile vilango vya kuingiza hewa na kutoa moshi. Kwamba inalegea kadiri inavyotumika. Kwamba kuna adjasta, kijiti chenye springi kinachoisukuma kwa nje ili ikaze, na cheni ikishalegea kupita uwezo wa kijiti inaanza kuchapa ukuta, hasa asubuhi, kabla oili haijapanda juu.

Barafu akainuka. Akazunguka nyuma ya pikipiki, akaishika cheni ya gurudumu la nyuma, akaivuta.

— Imekaza. Njoo uishike.

— Hiyo ni ya nje. Mimi nasema ya ndani.

— Kuna nyingine?

— Ipo ndani ya injini.

— Umeiona?

— Sijaiona, lakini...

— Hajaiona! Gia Tano akapiga paja. Jamani, hajaiona!

Wakacheka wote watatu, na Mjomba, mtetezi wangu, ndiye aliyecheka mwisho na kwa muda mrefu zaidi. Nikamuuliza Gia Tano kama yeye ameshaliona ini lake. Akasema ini si cheni.

— Sasa nisikilizeni mimi, Mjomba akasema. Mimi nimekaa na mashine miaka. Hii ni bobini.

— Bobini! nikashangaa.

— Ndiyo. Uzi wa chini ukilegea, cherehani inagonga hivi hivi, mshono unakwenda upande. Unakaza kale kaskrubu, inatulia.

Moyo ukanipasuka kwa furaha.

— Mjomba! Umekaribia kabisa! Badala ya uzi weka cheni, badala ya kaskrubu weka adjasta...

— Kwa hiyo, akaendelea kana kwamba nzi amepita, pikipiki hii imekuwa ikiegeshwa karibu na cherehani yangu kila dada yako akija kula. Vyombo vinaambukizana. Imejifunza mlio. Itengwe.

Nikakaa chini. Hapakuwa na nafasi benchini, nikakaa juu ya ndoo.

Kuanzia hapo mambo yakapanda mlima yenyewe. Gia Tano akakumbuka kwamba mwenye pikipiki wa kwanza alikuwa mpiga ngoma wa bendi, na chombo hufuata damu ya mwenyewe. Barafu akasema kama ni hivyo ingegonga kwa mpigo, na hii inagonga ovyo. Gia Tano akajibu kwamba hata yule jamaa alikuwa anapiga ovyo, ndiyo maana aliuza pikipiki. Mjomba akasema wahenga walisema. Tukangoja. Nikamuuliza walisema nini. Akasema walisema mengi, akajimiminia kahawa.

Halafu wakafika kwenye tiba, na hapo nikaacha kucheka.

— Oili nzito, Barafu alisema. Ile ya malori. Unamwagia, kelele inakata.

— Au eksozi itobolewe, akasema Gia Tano. Ikinguruma vizuri, huko kugonga hutakusikia tena.

— Mnasikia mnachosema? nikafoka. Mgonjwa analalamika, mmoja anamziba mdomo, mwingine anaongeza sauti ya redio! Na dada anakwenda nayo mlimani leo. Cheni ikikatika au ikiruka meno ya gia zake, valvu zinakutana na pistoni, injini inakaba. Kwenye kona. Na lori nyuma. Mmeshafika huko na hadithi zenu?

Gia Tano akaweka kikombe chini. Nikadhani nimewapata.

— Ana sauti kali, Gia Tano akamwambia Mjomba. Ataolewa na mvumilivu.

Ningemjibu. Nilikuwa nimeshavuta pumzi ya kumjibu. Lakini dirisha la nyumba ya nyuma ya kibanda likafunguliwa kwa kishindo, akatokea mama mmoja aliyehamia mtaani juzijuzi, khanga begani, macho mekundu ya mtu asiyelala.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba, mama.

— Hiyo kitu mtaizima saa ngapi?

Wakatazamana. Naapa niliwaona wakitazamana kama watu walioulizwa jina la bibi wa bibi yao. Barafu akaishusha bisibisi. Gia Tano akasema, “Inategemea.” Mjomba akamgeukia kana kwamba ndiyo kwanza anasikia kwamba kuna kutegemea.

— Mtoto nimembembeleza tangu asubuhi, mama yule akasema. Ndiyo kwanza kalala.

Hakungoja. Alizunguka, akatoka, akaja kwa ndala zake mpaka kwenye pikipiki, akazungusha ufunguo. Kukawa kimya ambacho sijawahi kukisikia kwenye kona ile. Akasema asante, akarudi ndani.

Dada alichelewa, mtunza stoo alikuwa amekwenda kula na funguo mfukoni. Injini ikapoa. Kahawa ikaisha, Barafu akatoa kitambaa akafuta bisibisi. Nilipogusa silinda kwa kiganja, haikuniunguza.

Ndipo dada akaja, jasho usoni, sanduku la buluu kifuani. Akalifunga kwenye keria kwa mpira.

— Mmesemaje, Mjomba? Nimechelewa, barafu tayari inatoa machozi.

— Bado tunalitafakari, mama.

Akapanda, hajavaa helmeti bado, akapiga kiki.

Kra-kra-kra-kra-kra!

Hata kuku waliokuwa wanaparua kando ya mtaro walikimbia. Mlio ulikuwa unatoka ubavuni mwa silinda, mkavu, wa chuma juu ya chuma. Dada akaitazama pikipiki yake kama mtu aliyetukanwa na rafiki. Akazima.

— Umeona? nikasema. Umeona? Kila alfajiri!

— Mnaona sasa? Gia Tano akapaza sauti kunishinda. Mmeizima, imeharibika! Ilikuwa nzima kabisa!

— Ni yule mama, Mjomba akasema. Mkono wake mzito.

Lakini Barafu, tumpe haki yake, alikuwa ameduwaa. Alipiga magoti akaweka kiganja pale pale mlio ulipotokea.

— Hiyo adjasta yako iko wapi? akaniuliza, bila kuniangalia.

Nikamwonyesha, nyuma ya silinda, boliti mbili ndogo. Kabla sijamwambia kwamba kwanza tuizungushe injini tuiweke kwenye alama yake, spana ilikuwa imeshafanya kazi. Alitoa kitu kidogo kama kidole gumba cha chuma, akakiweka kwenye kiganja. Kijiti kilikuwa kimetoka chote mpaka mwisho. Alikivuta kwa kucha. Hakikuwa na kingine cha kutoa.

— Imefika mwisho, Barafu akasema taratibu. Hii cheni imekwisha.

Nilistahili hapo japo dakika moja ya kushangilia. Sikuipata. Mjomba alikichukua kile kidude, akakipima kwa tepu yake ya kushonea, akampa Gia Tano. Gia Tano akakinusa.

— Pete moja ya boliti, ile washa, nyuma yake, akasema. Unaweka washa, kijiti kinasogea mbele, kazi kwisha. Mpaka mlimani na kurudi.

— Hata mbili, akasema Mjomba. Mimi ninazo ndani.

— Ikae bila adjasta kabisa! Gia Tano akadakia. Kwani cheni imekatika? Haijakatika. Piga kiki, binti, tusikie tofauti. Utafiti ni lazima.

— Piga kidogo tu, Mjomba akamwambia dada. Tusikie, kisha tunairudisha, uende zako.

Na dada, ambaye wagonjwa wanamwogopa, dada anayemchoma sindano mtu mzima na kumwambia aache utoto, akaliangalia sanduku. Matone yalikuwa yanadondoka kwenye namba ya pikipiki. Akapanda. Akafungua kiki kwa kisigino.

Nilikuwa na hoja. Nilikuwa nazo nyingi, zimepangana vizuri: kwamba tundu liko wazi, kwamba cheni sasa haijashikiliwa na kitu, kwamba teke moja tu linatosha kuirusha meno na kupinda valvu, na kwamba hapo hatutazungumzia tena cheni, tutazungumzia injini nzima. Nilifungua mdomo nizitoe zote. Nikamwona anamtazama Mjomba, ananitazama mimi, mguu uko juu ya kiki, amechoka, ana haraka, na wazee wote watatu wanaongea kwa pamoja.

Nikaenda nikasimama mbele ya taa ya pikipiki, nikashika usukani kwa mikono miwili.

— Nini tena wewe? akaniuliza. Wataka kusema nini?

— Dada, nikamwambia, naomba ushuke. Sanduku tulishike upande na upande mpaka ng'ambo ya barabara, tukutafutie pikipiki nyingine ya kukupandisha mlimani.

Akaondoa mguu kwenye kiki, akashuka, akaanza kufungua mpira wa sanduku.