Kikombe Nambari 117 na Miaka 31 ya Bi. Elsie Mghoi

Tarehe 31 Agosti 2025 Bi. Elsie Mghoi anastaafu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kutembeza wageni katika Makumbusho ya Reli na Mlima hapa Voi. Alizaliwa na kusomea Ronge. Siku alipoajiriwa, mwaka 1994, mama yake alimpa kikombe cha chuma, cheupe chenye ukingo wa buluu, ili asiombe vyombo vya watu kazini.

Msimu wake ulikuwa likizo ya Agosti. Wazazi huleta watoto wajue historia, kisha wao hukaa kivulini wakitafuta mtandao. Bi. Elsie aliwapokea watoto mlangoni, akawahesabu, akawaagiza waweke mikono mgongoni, na akawapitisha vyumba vyote vinne bila kilio wala kioo kuvunjika. Mwaka 2011 walihesabiwa arobaini wakiingia na arobaini na mmoja wakitoka. Ripoti ya mwaka ilitaja jambo hilo kama ongezeko la wageni.

Agosti 2006 alikuja mtaalamu kutoka makao makuu kupanga kabati la Vita vya Kwanza vya Dunia. Bi. Elsie alikuwa akimsaidia, na chai yake ilikuwa mezani, kati ya maganda ya risasi na chupa za maji za askari. Akaitwa nje kuwateremsha watoto waliopanda toroli ya reli. Aliporudi, chai ilikuwa imemwagwa na kikombe kiko kabatini, kimeandikwa nambari 117 kwa rangi nyeusi, na kibao mbele yake: "Kikombe cha askari. Tazama alama ya risasi." Alama hiyo ilitokana na kuanguka kwenye sakafu ya jiko letu mwaka 1998.

Kitu kikishaingia kwenye rejista hakitoki bila idhini ya Kamati ya Vifaa. Bi. Elsie aliiandikia Kamati kila mwaka, barua kumi na tisa, zote za adabu. Kamati iliomba risiti. Halafu iliomba barua ya mama yake, ambaye alikuwa ameshafariki. Mwaka 2014 ilimtaka aeleze kwa maandishi kwa nini alikuwa akinywea chai katika mali ya taifa.

Meneja wetu, Bw. Donald Muasya, ameomba ifahamike kwamba Kamati ilifuata taratibu. Ilifuata.

Watoto, hata hivyo, Bi. Elsie aliwaambia ukweli. Kila kundi lilisimamishwa mbele ya kabati na kuelezwa kwamba kikombe kile ni chake, alipewa na mama yake. Alionywa mara mbili kwa kupingana na kibao. Katika mashindano ya kuchora ya mwaka jana, kati ya michoro sitini, arobaini na mitatu ilikuwa ya kikombe. Simba aliyekaushwa alipata miwili.

Mwaka huu aliulizwa angependa zawadi gani ya kuagwa. Aliomba kikombe. Kamati ilijibu kwamba itakutana Oktoba, na kwamba kwa sasa, kama mstaafu, ataruhusiwa kukitazama bure siku za kazi.

Ijumaa ya mwisho ya likizo walikuja watoto wa shule ya Jumapili kutoka Marungu. Mmoja wao, Rita, wa miaka minane, alimsikiliza hadi mwisho kisha akasema, "Nyanya, kama ni chako, mbona hukichukui?"

Bi. Elsie aliwahesabu, akawasindikiza hadi langoni, akarudi kusimama mbele ya kabati peke yake.

Jumatatu nafasi ya nambari 117 ilikuwa tupu. Kioo kilikuwa kizima na kufuli imefungwa vizuri. Masjala, ambako ufunguo huwekwa, iliulizwa kwa barua, nayo ikajibu kwa barua kwamba ufunguo ulikuwa kwenye droo Ijumaa saa nane mchana, na ulikuwa kwenye droo Jumatatu saa mbili asubuhi. Kuhusu muda ulio kati, barua haikuuliza.

Kibao kimeachwa mahali pake hadi Kamati itakapokutana.

Bi. Elsie, asante kwa kila mtoto uliyemhesabu, pamoja na yule wa arobaini na moja. Tunakutakia siku njema huko Ronge, afya, wajukuu wenye maswali, na kila asubuhi ya baridi chai ya moto, katika chombo chochote utakachopenda mwenyewe.

Imeandaliwa na Masjala, kwa niaba ya wafanyakazi wote.