Pampu Mpya na Harufu ya Petroli ya Zamani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Meneja wa kituo hiki, ndugu wageni waalikwa, mafundi wenzangu, madereva, na ninyi mliofuata soda: salamu kwenu nyote.

Mimi ndiye fundi mkongwe kuliko wote mtaa huu, na tangu nishike spana hakuna injini iliyonishinda. Mnacheka nini? Haya, nimedanganya. Zilizonishinda ni nyingi, na wenye nazo nawaona wamesimama pale nyuma, wamekuja kwa miguu.

Meneja ameniomba niwatoe hofu juu ya hii petroli mpya iliyochanganywa na ethanoli. Je, inaua injini? Magari ya miaka hii hayana neno, yametengenezwa yakiijua. Lakini ninyi wenye vikongwe kama mimi, tegeni sikio. Ethanoli ni spiriti, ndugu yake ile ya hospitali, na spiriti inaosha. Dereva wa teksi, huyu mwenye kofia, aliniletea gari linakohoa. Nikasafisha kabureta, akaondoka. Kesho yake huyo karudi. Nikalaumu plagi. Akarudi tena, akaniuliza, "Mzee, unalitibu au unalizoea?" Ndipo nikafungua tangi. Kutu iliyolala humo miaka yote ilikuwa imeng'olewa na mafuta mapya, ikasafiri mpaka kwenye kabureta. Kwa hiyo badilisheni chujio mapema, badilisheni na mipira ya zamani ya mafuta, maana inavimba na kupasuka, wala msiegeshe gari miezi na miezi tangi likiwa nusu, maana mafuta haya yanavuta unyevu wa hewani kama chumvi. Mkifanya hivyo mtakwenda salama. Hofu nimeitoa, sasa niacheni niseme la kwangu.

Pampu ya zamani, ile iliyong'olewa hapa wiki iliyopita, ilishikwa miaka mingi na mama watoto wangu. Wakubwa mnamkumbuka: Dada Pampu. Enzi hizo nilikuwa nakuja na kidumu kila siku kununua lita moja.

"Wewe fundi, hilo gari lako la kuchezea watoto?"

"Sina gari, dada. Naoshea vyuma."

"Basi osha na mikono, ndipo uje kuongea na mimi."

Nikaosha. Nani asingeosha?

Tulipooana, akirudi jioni nyumba nzima inajua, maana petroli iliingia mlangoni kabla yake. Nikimtania kwamba kwetu mshumaa ni marufuku, ananirushia koti lake la kazi usoni. Leo ni mwaka wa pili tangu atutoke. Koti lile bado linaning'inia nyuma ya mlango wa chumbani, na kila asubuhi nalinusa kwa kujificha, mzee mzima, kama mwizi. Limebaki na vumbi tu. Na hii petroli mpya, ndugu zangu, inanuka pamba ya sindano. Kila nikifungua tangi, pua inanipeleka wodini, pembeni ya kitanda chake cha mwisho, wakati mimi nataka inilete hapa, nimkute amesimama, mkono kiunoni, ananisubiri na kidumu changu. Mheshimiwa, ofisi yako ina dawa ya hilo?

Meneja, mwanangu, siku ya harusi yako gari la maharusi lilipozimika njiani, nani alilala chini yake na suti? Ulisema mwenyewe, "Mzee, nina deni lako, omba chochote." Nimekaa kimya mpaka leo. Nasikia tangi la jenereta, kule nyuma, lina petroli ya zamani kidogo, na kesho mnaimwaga. Nigawie nusu lita. Si ya gari. Nataka niwe nalidondoshea lile koti tone moja moja, taratibu, inifikishe nitakapofika.

Nawashukuru nyote kwa kunivumilia. Meneja, usihangaike kutafuta chombo; chupa ninayo mfukoni.